Hivi mtu asiyejua hata kuchemsha yai anawatambua wapishi wa televisheni?

#1 Mkunazi wa Pangani

Wakuu, salaam kwenu.

Nina dai ambalo ningependa mlipime kabla sijaliamini kupita kiasi. Wapishi wa televisheni huitwa watu mashuhuri, na magazeti ya Ulaya na Marekani huwaandika sambamba na wanamuziki na wachezaji mpira. Mimi nasema umashuhuri wao ni wa jikoni tu. Ukimwondoa Gordon Ramsay, yule Mwingereza mkali wa matusi, hakuna mpishi duniani ambaye mtu wa kawaida, asiyeshika mwiko wala kufuatilia vipindi vya mapishi, ataonyeshwa picha yake na kutaja jina bila kusaidiwa.

Mchukueni Jamie Oliver. Kipindi chake cha kwanza kilirushwa na BBC mwaka 1999, akapewa nishani ya MBE mwaka 2003, na mwaka 2005 akaikaba koo serikali ya Tony Blair kuhusu chakula cha shuleni hadi ikaahidi pauni milioni 280. Huyo si mtu mdogo. Hata hivyo nikiibeba picha yake niende nayo stendi ya Tanga, naamini nitarudi na majibu ya kila aina isipokuwa lile sahihi.

Je, dai langu ni la kweli? Na kama ni la kweli, kwa nini mmoja avuke na wengine wabaki? Naomba tujibu kwa mifano.

#2 Fundi Antena

Ahsante kwa uzi, mleta mada. Riziki yangu ni kufunga madishi, kwa hiyo naingia katika nyumba nyingi na kuona kinachotazamwa. Baba analipia kifurushi kwa sababu ya mpira, watoto wanadai katuni, mama na dada wanafuatilia tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti ya Kiswahili. Chaneli ya mapishi iko mwisho wa orodha, na mara nyingi haimo kabisa katika kifurushi cha bei nafuu. Mtu hawezi kumtambua asiyemwona.

Kuna na suala la umri wa televisheni yenyewe. BBC ilimwonyesha Mfaransa Marcel Boulestin akipika mwaka 1937, wakati watazamaji wake walikuwa wachache sana na wote wakiishi karibu na London. Baada ya vita, mwaka 1946, akaja Philip Harben, naye akafundisha mapishi watu waliokuwa bado wanakula kwa mgawo. Kwa hiyo Mwingereza wa leo ana bibi na mama waliokua na wapishi hao sebuleni. Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994. Tulipoingia sisi, kulikuwa na chaneli tele za kugombea macho ya mtu, na mpishi hakuwa na nafasi ya kuwa sura pekee ya jioni.

#3 Bi Mdogo wa Kisauni

Fundi Antena, hoja yako ya umri inakwama Namanga. Kenya imekuwa na televisheni tangu 1962, na Zanzibar ilitangulia Bara kwa miaka ishirini hivi, tena kwa rangi. Kama ingekuwa ni suala la miaka, Nairobi na Unguja zingekuwa na wapishi wa televisheni wanaojulikana na kila babu. Mbona hawapo?

Pamoja na hayo, simkubalii mleta mada moja kwa moja. Hapa Mombasa jina la Chef Ali Mandhry halihitaji maelezo. Ni mtoto wa hapa, anazungumza kama sisi, na anapotaja tui zito na tui jepesi hakuna haja ya tafsiri. Huenda tatizo la stendi ya Tanga ni kwamba umeenda na picha isiyowahusu.

#4 Msukuma wa Leicester

Nimeishi Uingereza muda wa kutosha kusema kwamba «kujulikana» mnakokuzungumzia ni vitu viwili au vitatu vilivyofungwa kwenye kanga moja. Kuna kulijua jina unapolisikia, kuna kuitambua sura bila jina, na kuna kutii anachosema mtu huyo. Wapishi wengine wana la tatu kwa wingi kuliko la pili.

Mfano mzuri ni Delia Smith. Mwaka 1998 alitoa mfululizo wa televisheni uliowafundisha Waingereza mambo ya mwanzo kabisa, kuchemsha yai likiwamo. Baadhi ya wapishi wakubwa walimcheka, lakini mauzo ya mayai yakapanda nchi nzima. Alisifu kikaango kidogo cha kimanda kilichotengenezwa na kiwanda kimoja cha Lancashire. Kiwanda hicho kilikuwa kikiuza vikaango kama 200 kwa mwaka, na baada ya sifa zile kikauza takribani 90,000 ndani ya miezi minne. Huo ni uwezo ambao waziri wa biashara hana.

Sasa chukua vijana ninaofanya nao kazi ghalani, wengi wao wamezaliwa baada ya mwaka huo. Kwao Delia ni yule bibi wa mpira. Alikuwa mmiliki mwenza wa Norwich City, na mwezi Februari 2005, wakati wa mapumziko katika mechi dhidi ya Manchester City, alishuka uwanjani na kipaza sauti akawafokea mashabiki wake kwa kukaa kimya. Mechi waliipoteza 3–2, lakini video inaishi hadi leo. Miaka yote ya kufundisha taifa kupika, na kijana anamkumbuka kwa dakika moja ya kupiga kelele.

#5 Kasuku Mweupe

Kumbe timu ilimilikiwa na mpishi. Ndiyo maana Norwich ikipanda daraja haimalizi msimu bila kuchemka.

Nirudi kwenye mada kabla sijafungiwa. Mleta mada, umemsahau mpishi ambaye picha yake inatambulika na mtoto wa chekechea kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam: yule mzee wa ndevu nyeupe na tai nyembamba kwenye ndoo ya kuku. Hakuna dereva wa stendi yoyote atakayekosa jibu hapo.

#6 Mwalimu Mstaafu

Kijana Kasuku, mfano wako unachekesha lakini una tundu. Harland Sanders alifariki mwaka 1980. Alionekana katika televisheni kwa matangazo ya biashara yake, hakuwa na kipindi cha kufundisha mapishi. Kinachotambuliwa ni nembo, na wengi wanaoitambua hawajui kwamba palikuwa na binadamu nyuma yake.

Hata hivyo umenikumbusha jambo la ajabu zaidi. Mwaka 1945 jarida la Fortune liliandika kwamba mwanamke wa pili kwa kujulikana Marekani, baada ya Eleanor Roosevelt mke wa rais, alikuwa Betty Crocker, mwalimu wa mapishi. Betty Crocker hakuwahi kuzaliwa. Alibuniwa na kampuni ya unga mwaka 1921 ili barua za akina mama zijibiwe kwa jina la mtu mmoja. Televisheni ilipoingia, akatafutwa mwigizaji, Adelaide Hawley, akamwigiza tangu 1949 hadi 1964. Watu walimtambua, walimwandikia, walimwamini. Kwa hiyo swali la mleta mada lina kitendawili ndani yake, kwani mpishi anaweza kujulikana kupindukia ilhali hayupo.

Wamarekani wa kweli walikuja baadaye, kama yule Julia Child aliyeangusha kuku sakafuni mbele ya kamera, akamwokota na kuendelea.

#7 Dada wa Minneapolis

Shikamoo, Mwalimu. Naomba kurekebisha hapo kwa heshima zote. Hakuwa kuku na haikuwa sakafu. Ilikuwa chapati nene ya viazi. Alijaribu kuigeuza kwa kurusha kikaango, sehemu yake ikaangukia juu ya jiko, akairudisha na kuwaambia watazamaji kwamba wakiwa peke yao jikoni hakuna atakayewaona. Hadithi ya kuku ilikua yenyewe midomoni mwa watu, na kila anayeisimulia huongeza uzito wa ndege. Nimeshasikia bata mzinga.

Nadhani huo ndio ushahidi wa umashuhuri wa kweli, kwamba watu wanakumbuka jambo ambalo halikutokea. Julia alianza kuonekana kupitia kituo cha Boston mwaka 1963, na mwaka 1966 jarida la Time likaweka sura yake kwenye jalada. Alikuwa mrefu wa karibu mita 1.88, na sauti yake ilipanda na kushuka kama filimbi. Mwaka 1978 mchekeshaji Dan Aykroyd alimwigiza akijikata kidole na kumwaga damu jikoni huku akiendelea kufundisha. Mwaka 2009 Meryl Streep akamwigiza kwenye filamu. Jiko lake lote limehamishiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington.

Lakini hapa ninapoishi, ukiwauliza wanafunzi wa chuo sauti ile ni ya nani, wengi wataitambua mara moja, kisha ukiwaonyesha picha ya Julia mwenyewe wanasitasita, kwa sababu sura waliyonayo kichwani ni ya Streep. Msukuma ametaja jina, sura na utii. Mimi ninaongeza sauti.

#8 Binti Muscat

Nawasalimu kutoka Muscat. Nashangaa kwamba mazungumzo yametoka London hadi Boston yakipita juu ya vichwa vyetu bila kutua.

Uarabuni mpishi wa televisheni ni mtu wa nyumbani hasa. Katika miaka ya 1990 Chef Ramzi wa Lebanon alikuwa akipika asubuhi kupitia televisheni ya Future ya Beirut, na satelaiti zikamfikisha Ghuba nzima. Mwaka 2006 ikaanza Fatafeat, chaneli ya Kiarabu ya mapishi matupu. Manal Al Alem naye, hapa hakuna anayeuliza ni nani.

Shangazi yangu alizaliwa Unguja, na Kiarabu chake hadi leo ni cha kuombea maji. Kila Manal alipoanza, yeye alikaa mbele ya televisheni na daftari la shule lenye jalada la bluu, hasikilizi, anatazama mikono. Akiona kitu kinamiminwa, anaandika kwa Kiswahili: «unga uwe mzito wa vitumbua», «samli kikombe cha kahawa, si cha chai», «hapa alikoroga mpaka mkono ukachoka». Pembeni anaongeza yake mwenyewe, iliki hapa, bizari nyembamba pale. Ami yangu, ambaye jikoni huingia kutafuta kiberiti tu, ndiye aliyekuwa akipaza sauti kutoka barazani kwamba Manal wako ameshaanza. Kwa hiyo, kaka Mkunazi, asiyepika alimjua. Alimjua kwa sababu alikuwa anaishi na anayepika.

#9 Mwana Lubumbashi

Mimi napinga neno «duniani» katika dai la kwanza. Ndugu zetu wanaotazama televisheni za Kiingereza wanadhani Ramsay yuko kila mahali. Sisi tunaotazama za Kifaransa tuna mtu mwingine kabisa.

Kipindi kile cha kuingia kwenye mgahawa unaokufa na kumfokea mwenyewe kilianza Uingereza mwaka 2004 na Ramsay. Ufaransa walikitengeneza upya mwaka 2011 na wakampa Philippe Etchebest, mtu wa kifua kipana aliyewahi kucheza raga. Wahispania wana Alberto Chicote. Waitaliano wana Antonino Cannavacciuolo, anayewapiga watu kofi la mgongoni hadi wanayumba. Wajerumani walikuwa na Christian Rach. Kazi ni ileile, hasira ni ileile, friji chafu ni lilelile, lakini uso ni wa nchi husika. Ukienda Bordeaux na picha ya Ramsay na ya Etchebest, mimi najua ipi itatajwa kwanza.

Maana yake ni kwamba kinachosafiri ni mtindo wa kipindi. Mpishi mwenyewe anabaki mpakani akisubiri viza. Wakati wa corona mwaka 2020, Cyril Lignac alipika moja kwa moja kila jioni kupitia televisheni ya M6, na familia za Wafaransa zikapika pamoja naye majumbani mwao. Nina hakika wengi katika uzi huu ndiyo kwanza wanalisikia jina hilo.

#10 Mkunazi wa Pangani

Nimewasoma wote, ahsanteni. Mwana Lubumbashi amenibana, lakini sijaanguka. Hao akina Etchebest wanajulikana ndani ya lugha zao. Ramsay amevuka lugha, na sababu yake si chakula. Waulizeni vijana wa hapa ni sahani gani Ramsay ni bingwa wake, na watakaokujibu ni wachache. Waulizeni kuhusu yeye kumbana mtu masikio kwa vipande viwili vya mkate na kumlazimisha ajiite sandwichi ya kijinga, wote wanajua. Nao walikuwa wakiigiza: ule ulikuwa mchezo wa kuchekesha kwenye kipindi cha usiku cha James Corden mwaka 2015, na aliyebanwa ni mtangazaji Julie Chen.

Mtu huyu mgahawa wake wa Chelsea ulipata nyota tatu za Michelin, daraja la juu kabisa la migahawa, mwaka 2001. Hakuna anayezungumzia nyota hizo katika simu zinazopita mkononi mwangu. Matusi hayahitaji manukuu, ndiyo maana yanavuka mipaka.

#11 Mpakua Pilau

Assalaam alaykum. Mnatafuta sababu mbali wakati iko uani.

Huku kwetu Unguja na mwambao mzima, mpishi mashuhuri alikuwapo kabla ya televisheni. Ni mpishi wa shughuli. Familia ikipanga harusi, wakati mwingine tarehe husogezwa kumngojea yeye. Jina lake linajulikana Ng'ambo yote, na wageni wakionja pilau tonge la kwanza tu husema, huu mkono wa fulani. Lakini sura yake hawaijui, kwa sababu yeye yuko nyuma ya nyumba, katikati ya moshi, na chakula kinapopakuliwa yeye ameshajifunika khanga au shuka amelala.

Nilimsaidia mmoja nikiwa kijana. Hakuwa na saa wala kipimo. Alikuwa akiinamisha sikio karibu na sufuria, anasikiliza, anasema maji bado. Baadaye anasikiliza tena, anavuta kuni mbili nje na kupalia makaa juu ya mfuniko kwa koleo, moja moja, mengi pembeni na machache katikati. Hakuna mtu aliyethubutu kumwuliza kwa nini. Sasa mtu aliyekulia kwenye elimu hiyo, umwekee kijana mwenye aproni safi anayepima chumvi kwa kijiko mbele ya kamera, atamheshimu? Kwetu ujuzi unapokewa kutoka kwa bibi, mama, au mpishi wa mtaa. Televisheni ilikuta kiti kimeshakaliwa.

#12 Bi Mdogo wa Kisauni

Waalaykum salaam, maalim. Nimeipenda simulizi ya makaa, lakini hoja yenyewe haisimami. Kama urithi wa bibi ungekuwa unazuia mpishi wa televisheni, India isingekuwa na hata mmoja. Hakuna nchi ambayo jiko la mama linaheshimiwa kuliko kule, na bado Sanjeev Kapoor aliingia Zee TV mwaka 1993 na kipindi cha Khana Khazana, akakaa hewani karibu miongo miwili, akaanzisha chaneli yake ya chakula mwaka 2011, na mwaka 2017 serikali ikampa nishani ya Padma Shri. Tarla Dalal alishaipata hiyo mwaka 2007. Jirani zetu Wahindi hapa Mombasa wana bibi wakali wa jikoni na wana vitabu vya Tarla Dalal kwenye rafu ileile. Bibi na televisheni hawakugombana.

#13 Fundi Antena

Dada Bi Mdogo, umenisaidia bila kukusudia. Kapoor alizungumza Kihindi cha kawaida, kwenye chaneli iliyoingia kila nyumba yenye kebo. Vipindi vingi vya mapishi huku kwetu, hasa vya zamani, vilikuwa ama Kiingereza cha hoteli, ama Kiswahili kinachotaja vitu visivyopatikana sokoni. Mpishi anakwambia uweke krimu nzito na jibini, wewe una nazi na mbuzi ya kukunia.

Halafu kuna mwenye pesa. Tazameni kipindi chochote cha mapishi cha asubuhi katika vituo vyetu. Chupa ya mafuta imegeuzwa nembo kwenye kamera, pakiti ya viungo iko mbele, na jina la mdhamini linatajwa mwanzo, katikati na mwisho. Jina la mpishi linapita chini ya kioo kwa maandishi madogo. Mdhamini akiondoka, kipindi kinakufa, na anayefuata anakuja na mpishi mwingine. Ramsay na Oliver wamekaa kwenye vioo vya Uingereza tangu karne iliyopita. Nani amepewa muda huo hapa?

#14 Baba Nadra, London

Habari zenu. Niongeze kisa kimoja cha nyumbani, kwa sababu naona tunadhani kutambuliwa ni jambo lililo wazi.

Mwaka 2015 Nadiya Hussain, mama mwenye asili ya Bangladesh anayevaa mtandio, alishinda Bake Off, shindano la televisheni la kuoka hemani, mbele ya watazamaji zaidi ya milioni 13. Mwaka uliofuata alioka keki ya Malkia Elizabeth alipotimiza miaka 90. Nchi nzima ilimzungumzia. Katika kipindi hicho mke wangu alikuwa amesimama dukani mbele ya unga, akitafuta ule wa mandazi, bibi mmoja wa Kiingereza akamsogelea kwa adabu na kumwuliza kwa nini keki yake ya sponji huzama katikati. Mke wangu ni Mngazija, ana sura ndefu na miwani, hafanani na Nadiya hata kwa mbali. Anajua sambusa na mkate wa kumimina. Keki ya sponji hajawahi kuioka. Alimjibu kwamba huenda tanuri hufunguliwa mapema mno, yule bibi akashukuru sana na kumwambia alilia siku aliposhinda.

Sasa niambieni. Yule bibi atiwe katika hesabu ya wanaomtambua Nadiya, au asitiwe?

#15 Msukuma wa Leicester

Baba Nadra, atiwe, lakini kwa alama ya kuuliza. Na mkeo alimpa jibu sahihi, hilo ndilo la muhimu.

Kisa chako kinanirudisha kwa Mwana Lubumbashi. Bake Off ilipohama BBC kwenda Channel 4 mwaka 2017, Mary Berry hakuhama nayo, Paul Hollywood alihama. Watu walidhani kipindi kitakufa bila Mary. Hakikufa, akaletwa Prue Leith na hema likajaa. Australia nao, mwezi Julai 2010, mdahalo wa televisheni kati ya Julia Gillard na Tony Abbott, watu waliokuwa wakigombea kuongoza nchi, ulisogezwa mapema ili usigongane na fainali ya shindano la mapishi la MasterChef, iliyotazamwa na karibu watu milioni 4. Siasa ilimpisha nani? Kilichopishwa ni kipindi chenyewe. Sidhani kwamba wengi kati ya milioni hizo wangemtaja leo aliyeshinda.

#16 Mwalimu Mstaafu

Nimeona nimerekebishwa kuhusu kuku; chapati ya viazi nayo ni chakula, tuendelee.

Vijana wanaona televisheni imepitwa. Mwezi Mei 2023 Hilda Baci wa Nigeria alipika mfululizo mjini Lagos akitafuta saa 100, na Guinness wakamthibitishia saa 93 na dakika 11. Wajukuu wangu walikuwa wakifuatilia katika simu usiku kucha, wakiwamo wale wasioweza kuwasha jiko la gesi. Viongozi walikwenda kumwona. Hakuhitaji chaneli kumtambulisha kwa Afrika nzima.

Lakini mwaka huohuo haujaisha, rekodi ile ilichukuliwa na Mwairishi Alan Fisher anayeishi Japani, kwa saa 119 na dakika 57. Alipika muda mrefu zaidi, na katika nyumba yangu hakuna anayemjua. Kwa hiyo simu nayo haimtangazi kila mtu, na kazi yenyewe haitoshi. Palikuwa na kitu Lagos ambacho Japani hakikuwapo, nacho ni umati unaoamini kwamba aliye jikoni ni wao. Hilo linamrudisha Bi Mdogo na Chef Ali wake.

#17 Kasuku Mweupe

Mwalimu, kwa mizani hiyo hata Anthony Bourdain ana kesi ya kujibu. Mei 2016 alikula tambi za bún chả na Rais Obama katika mgahawa wa kawaida mjini Hanoi, akalipa yeye bili ya takribani dola 6. Mwenye mgahawa baadaye aliifunika meza ile kwa kioo ili watu waione, na kwenye orodha ya vyakula akaweka mlo maalumu. Mlo huo unaitwa jina la Obama. Aliyelipa hakupewa hata kachumbari.

#18 Dada wa Minneapolis

Kasuku, ukiketi na rais aliye madarakani, hata Ramsay hapewi jina la tambi. Pia Bourdain hakuwa akipika kwenye kioo; alikuwa mpishi aliyegeuka msafiri na msimulizi. Alikuja Tanzania kwa kipindi kilichorushwa mwaka 2014, na kile cha Kenya alichokwenda na mchekeshaji W. Kamau Bell kilirushwa Septemba 2018, miezi mitatu baada ya kifo chake. Hapa Marekani watu wengi waliomlilia walikuwa wasiopika kabisa, na hilo linalipunguza nguvu dai la mleta mada kuhusu Ramsay pekee.

Jambo jingine, wenye biashara ya matangazo huku hawachanganyi maswali kama tunavyochanganya sisi. Tangu miaka ya 1960 wana kipimo kiitwacho Q, ambacho kwanza humwuliza mtu kama anamjua fulani, kisha, kwa wale wanaomjua tu, huuliza kama wanampenda. Ndiyo maana mtu anayejulikana na wachache wanaompenda sana anaweza kupata tangazo, na anayejulikana na wote akakosa.

#19 Mkunazi wa Pangani

Basi napendekeza tufanye jaribio. Kila mwenye nafasi achukue picha za watu sita, Ramsay, Oliver, Manal, Etchebest, Kapoor na Chef Ali, aziulizie mahali alipo na alete majibu hapa. Mimi nitakwenda stendi.

#20 Fundi Antena

Nakubali kwa sharti moja. Zisiwe picha zenye koti jeupe na kofia ndefu. Ukimwonyesha mtu koti jeupe atakujibu «huyu mpishi», nawe utaandika kwamba ametambua.

#21 Mpakua Pilau

Na mimi nina sharti. Picha ya saba iwe ya mpishi wa shughuli wa mtaa husika, yeyote yule, kwa idhini yake. Kama akiwapita wote sita, uzi huu nitauchapisha niubandike uani kwake.

#22 Binti Muscat

Maalim, umeshasema mwenyewe kwamba sura yake hakuna anayeijua. Atapata sifuri Ng'ambo nzima. Wewe utaonyesha picha, au utapeleka sahani?

#23 Bi Mdogo wa Kisauni

Apeleke sahani. Na sisi wa Kisauni tupitiwe kwanza, kabla haijapoa.